Usivuke Kumi

Mama Constance alikuwa mtu wa kuogopwa, na kwa miaka mingi hilo lilimtosha. Watoto wa darasa la tano walinyamaza waliposikia viatu vyake barazani. Hata mkurugenzi wa shule, mtu mwenye sauti nene na tumbo la kuendana nayo, alipiga hodi kabla ya kuingia darasani kwake. Kisha akastaafu, akarudi nyumbani na ukali wake wote, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Nyumba yenyewe, hapa Kalemie, ilikuwa ya watu wa reli, ya matofali, vyumba vitatu na baraza, waliyopewa zamani mumewe Jérémie alipokuwa fundi wa injini. Jérémie alikwisha kufariki. Binti yao Elodie aliolewa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na alipiga simu Jumapili, mtandao ukipenda. Serge, kifungua mimba, alifanya kazi Bendera kwenye kituo cha umeme, na Bendera ni karibu kiasi cha kutia aibu. Lakini kila ukimuuliza Serge mbona haji, anakwambia barabara, barabara, utadhani barabara hiyo inaharibika kwa ajili yake peke yake na malori ya muhogo yanapita angani. Mama yake hakumgombeza. Alijifunza kupika ugali wa mtu mmoja, jambo ambalo si rahisi kwa mwanamke aliyezoea sufuria kubwa, na mara nyingi ulibaki.

Alikuwa mpweke, tuliseme wazi, na alikuwa na kiburi cha kutosha kutomwambia mtu yeyote. Asubuhi alifagia baraza ambayo hakuna aliyeikanyaga. Mchana aliwasha redio, si kwa sababu ya habari, ila ili nyumbani kuwe na mtu anayesema. Majirani waliisikia redio ile kupitia ukuta, wakasema Mama Mwalimu anapenda sana mambo ya siasa.

Alasiri moja baada ya Pasaka akaja Mamie na binti yake. Mamie aliuza ndagala sokoni, wale samaki wadogo wa ziwani wanaoanikwa mpaka wakauke. Tangu maji ya ziwa yalipopanda yakaingia nyumbani kwake kule ufukoni, alikuwa amepanga chumba nyuma ya mtaa wa reli, na mtaa ulimwita kwa jina la mtoto wake, Mama Denise. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, asiyekaa mahali kabla hajaona atainukaje.

“Mama Mwalimu,” alisema, akimsukuma binti mbele kwa bega, “huyu mutoto anajua vyote. Kifaransa anajua, jeografi anajua. Kugawa njo kunamushinda.” Njo ya kwetu ni ndiyo ya wengine.

“Kugawa gani?”

“Kule kwa namba kubwa-kubwa. Mimi sikufika kule. Papa Rubens, mwalimu wao wa darasa la sita, anasema pasipo kugawa hawezi kupita mutihani wa mwisho wa mwaka.”

Denise alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Msichana mrefu, mwembamba, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi, mtulivu kupita umri wake.

“Alete kaye na biki,” akasema Mama Constance, yaani daftari na kalamu. “Kila siku kisha masomo.”

“Asante, Mama. Akishajua tu, nitamutoa. Sipendi akusumbue siku mingi.”

Ilikuwa adabu, na Mama Constance aliisikia kama adabu. Ni baadaye ndipo maneno hayo yalipoanza kumkaa kooni.

Siku ya kwanza alichora ile mistari ya shule, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala: namba inayogawanywa kushoto, mgawanyi kulia, jibu chini ya mgawanyi, vile alivyofundishwa yeye na vile alivyowafundisha watoto wa Kalemie tangu ujana wake. Akaandika mia nane sitini na nne kwa ishirini na nne. “Haya. Katika themanini na sita, ishirini na nne inaingia mara ngapi?”

Denise aliangalia dari. Akasema tano. Akaona uso wa mwalimu, akasema mbili. Akaona tena, akasema saba. Alikuwa habahatishi hesabu, alikuwa anabahatisha uso wa mtu mzima, na Mama Constance, aliyekuwa ameona nyuso nyingi za namna hiyo akiwa mbele ya ubao, hakuwahi kuziona kwa ukaribu huu, meza moja, viwiko vikigusana.

Akampa namba ndogo kwanza. Mia moja kwa saba. Denise akahangaika, akaandika kumi na nne.

“Vizuri. Baki?”

“Hakuna.”

“Saba mara kumi na nne ni ngapi?”

“Tisini na nane.”

“Na ulikuwa na mia moja. Mbili zimeenda wapi?”

“Nilipatia muntu wa mwisho.”

“Muntu gani wa mwisho?”

“Yule aliyefika mwisho,” alisema Denise, akishangaa kuulizwa. “Matabisi.”

Kwa asiyejua soko letu, matabisi ni ile nyongeza ambayo muuzaji anamtupia mnunuzi juu ya kipimo chake. Muuzaji asiyetoa matabisi anarudi nyumbani na beseni limejaa. Denise alikuwa amekaa nyuma ya beseni la mama yake tangu alipojua kukaa, na maisha yake yote aliona jambo lile lile: kopo linajazwa, linamwagwa, linajazwa, linamwagwa, na wale samaki wa chini wasiojaza kopo tena wanatupwa ndani ya mfuko wa mtu wa mwisho kwa maneno mazuri. Kwake yeye baki haikuwa namba. Ilikuwa tabia njema. Na Papa Rubens alikuwa amemwekea alama nyekundu mwaka mzima kwa tabia njema hiyo bila kumuuliza hata siku moja samaki wameenda wapi.

Mama Constance alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, machozi yakamtoka, na sauti yenyewe ikamshtua, maana alikuwa ameisahau. Denise alimtazama kwa wasiwasi, kisha naye akaanza kutabasamu, pole pole.

“Basi tugawe kama soko,” alisema mwalimu, akaifuta ile mistari ya kusimama na ya kulala. “Beseni lina ndagala mia nane sitini na nne. Kila fungu, samaki ishirini na nne. Usiniambie ni mafungu mangapi yote. Nani anaweza kuyaona yote kwa mara moja? Toa tu yale unayoyaona.”

Denise aliwaza. “Naona kumi.”

“Kumi yanakula samaki wangapi?”

“Mia mbili na arobaini.”

“Toa. Andika kumi pembeni. Beseni limebaki na ngapi?”

“Mia sita ishirini na nne.” Na kabla hajaambiwa, akatoa kumi mengine, zikabaki mia tatu themanini na nne, akatoa kumi mengine, zikabaki mia moja arobaini na nne. Hapo akasimama. “Sasa kumi hayatoshi.”

“Toa machache.”

Akatoa matano. Wakabaki ishirini na wanne, fungu moja. Akajumlisha vilivyoandikwa pembeni, kumi, kumi, kumi, tano, moja, midomo ikitembea. “Thelathini na sita.”

“Baki?”

Msichana akachungulia karatasini, kwa makini kabisa, kama anachungulia ndani ya beseni. “Sifuri. Muntu wa mwisho hapati kitu.”

Njia hiyo Mama Constance alikuwa ameionyeshwa zamani kwenye semina ya walimu, akaidharau. Aliiona ya wavivu, njia ya kufika kwa kuzunguka. Sasa aliona uzuri wake. Katika njia ya shule, mtoto akikisia vibaya kila kitu kinabomoka, anafuta, anakisia tena, mpaka karatasi inatoboka. Katika njia hii, ukitoa mafungu machache hukukosea. Umechelewa tu. Mtoto anaweza kuchelewa bila hofu, na Denise, hofu ilipomtoka, alikuwa na akili kama wembe.

Basi akawa anakuja. Anavua sandali mlangoni, ananawa miguu kwa maji ya ndoo, anakaa. Wanagawa. Kisha Mama Constance anachemsha chai, na wanakunywa na muhogo, na mtoto anasimulia ya sokoni, nani kagombana na nani kwa sababu ya mahali pa kuweka meza, na yule mama wa mafuta ya mawese anayejifanya kiziwi mtu akiomba bei ipungue. Mama Constance akaanza kutumia sufuria ya katikati. Akanunua sukari, yeye aliyekuwa ameacha sukari. Kuanzia saa sita mchana masikio yake yalikuwa nje ya mlango, yakitafuta sandali, na redio ilikaa kimya kwenye kabati.

Lakini mtoto alipoondoka, nyumba ilikuwa mbaya kuliko zamani. Upweke wa kwanza alikuwa ameshauzoea, walikuwa wanakaa pamoja kama watu wawili wasiopendana ila wanaheshimiana. Huu mpya haukuwa na heshima. Ulimfuata mpaka jikoni.

Na Denise alikuwa anajua. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kufika mwisho wa mwezi alikuwa anagawa namba yoyote uliyompa, na baki anaiandika mahali pake, kwa huzuni kidogo. Siku moja Mamie akapita njiani, beseni kichwani, akasimama nje bila kulitua.

“Mama Mwalimu, anaendelea?”

“Anaendelea.”

“Anajua sasa?”

“Bado,” alisema Mama Constance.

Neno dogo, na lilitoka lenyewe, kabla hajalipima. Mamie akashukuru, akaenda zake. Wiki iliyofuata akauliza tena, na mara hii Mama Constance alikuwa amelitayarisha. “Bado kidogo.”

Alijipa sababu, usidhani hakujipa. Alijiambia mtoto anahitaji mazoezi, alijiambia haraka haijengi, alijiambia maneno yote ambayo mwalimu anajua kuyasema kwa sauti nzuri. Denise mwenyewe ndiye aliyemvua sababu hizo. Walikuwa na elfu mbili mia saba na sitini kwa kumi na mbili. Mtoto alitoa mafungu kumi, akaandika, akatoa kumi, akaandika, kisha akainua biki.

“Mama Mwalimu. Badala ya kumi, kumi, kumi, naweza kutoa mia moja mara moja?”

Mwalimu anaweza kufundisha maisha yake yote akilisubiri swali hilo. Ndilo swali linaloonyesha kwamba mtoto hafuati tena nyayo za mtu, ameiona njia mwenyewe. Mia moja, mia moja tena, thelathini, kwisha. Mtoto anayeuliza hivyo amemaliza, hana cha kufanya tena kwenye meza ile. Mama Constance aliyaona yote kwa mara moja: Mamie mlangoni na asante zake, ndoo ya kunawia miguu ikiwa kavu, na kesho yake redio.

“Hapana,” akasema. “Usivuke kumi. Ukivuka kumi utapotea.”

Simtetei. Alilisema kwa upole, mkono begani mwa mtoto, na upole huo ndio mbaya kuliko vyote. Denise hakubisha. Alikuwa mtoto wa kutii. Akafungua ukurasa wa kwanza wa kaye yake, akaandika juu kabisa, Usivuke kumi, akapiga mstari chini kwa rula. Kisha akarudi kwenye mafungu yake, kumi, kumi, kumi, mpaka chai ikapoa.

Shule ikatoa mtihani wa majaribio. Siku hiyo Denise alichelewa kuja, na alipokuja hakuvua sandali. Alisimama mlangoni na kaye mkononi.

“Walitupa elfu tisa mia sita arobaini na nane kwa ishirini na nne,” alisema. “Nikatoa kumi. Kisha kumi. Kisha kumi. Karatasi ikaisha, nikaigeuza. Kengele inalia, niko bado mu elfu tano.”

Mama Constance akamvutia kiti. Denise hakukikalia.

“Papa Rubens akanyanyua karatasi yangu akaonyesha wote. Akasema, angalieni huyu, anakausha ziwa na kikombe.”

“Wakacheka?”

“Wakacheka. Lakini sikuvuka, Mama Mwalimu. Hata mara moja.”

Alilisema kwa fahari kidogo, na uso umejaa machozi ambayo hayajaamua kushuka. Alikuwa amekuja kuonyesha kwamba hata darasa zima lilipomaliza na kuweka biki chini, yeye alishika neno la mwalimu wake. Mama Constance alitaka ardhi ifunguke. Akamwambia akae, akamwambia aende nyumbani apumzike, hakujua anasema lipi. Mtoto akaenda.

Haukupita muda, Mamie akaja, bado ana magamba ya samaki mikononi.

“Nimewaza, Mama Mwalimu. Umejitahidi sana, Mungu akubariki. Lakini kila muntu na kichwa yake. Papa Rubens anasema mwaka huu nisimupeleke mutihani, ataanguka. Na arudie darasa mwaka mwingine, na tena mwingine? Nitamuchukua soko. Kwa beseni anajua kila kitu.”

Na tuseme ukweli wote wa Mama Constance. Kwa kitambo kidogo aliona faida. Mtoto wa sokoni hana mtihani wala darasa la kwenda. Mtoto wa sokoni anaweza kupita kila alasiri, mwaka huu na mwaka ujao, akanywa chai, na hakuna atakayeuliza kama anajua au bado. Lilikuwa wazo lenye sukari ndani yake, na alilionja. Kisha akaona ile karatasi imenyanyuliwa mbele ya darasa, na yale makumi yamepangwa kutoka juu mpaka chini, mbele na nyuma, kwa mwandiko mzuri.

“Nipe kesho,” alisema. “Kesho tu. Kisha utafanya vile unataka.”

Kesho yake Denise alikaa mbali kidogo na meza. Mama Constance akaweka sufuria ya chai jikoni, akarudi, akaandika namba ile ile: elfu tisa mia sita arobaini na nane kwa ishirini na nne.

“Leo vuka,” akasema.

“Nivuke nini?”

“Kumi.”

“Ulisema nitapotea.”

“Vuka, mama.”

Denise aliishika ile biki muda mrefu. Kisha akaandika mia moja pembeni, taratibu, kama mtu anayeingia chumba alichokatazwa. Elfu mbili mia nne zikatoka. Akatoa mia nyingine. Akaangalia zilizobaki, akaangalia pembeni, na hapo mkono ukasimama. Akafuta vyote bila kuambiwa. Akaandika mia nne, mara moja. Elfu tisa mia sita zikatoka zote. Wakabaki arobaini na wanane. Akaandika mbili. Mia nne na mbili, baki sifuri, mistari miwili mifupi na nafasi kubwa nyeupe chini yake.

“Njo vile tu?”

“Njo vile tu.”

Uso wote ukafunguka. Ni furaha ambayo Mama Constance aliijua kwa kazi yake, na hata siku hiyo ilimpasha moto. Kisha akaiona ikisimama, ikarudi nyuma.

“Lakini niliuliza,” alisema Denise.

“Uliuliza.”

“Niliuliza kama naweza kutoa mia. Ukasema hapana.”

“Nilisema hapana. Nilijua unaweza, Denise. Ulikuwa umekwisha kujua. Kama ningesema ndiyo, mama yako angekutoa, na hungekuja tena. Nilitaka uendelee kukuja.”

Jikoni maji yalikuwa yanaanza kuimba.

“Papa Rubens aliponyanyua karatasi yangu,” aliuliza mtoto, na aliuliza kweli, alitaka kujua, “wewe ulikuwa unajua ni juu ya nini?”

“Nilijua uliponiambia. Nilijua ni juu yangu.”

Denise akafunga kaye. Akaweka biki katikati ya kurasa, kama alivyofanya kila siku. Akasimama, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa. “Asante, Mama Mwalimu,” akasema, na Mama Constance angependa mara kumi atukanwe. Chai ilikuwa ndiyo kwanza inachemka alipotoka.

Jioni ile ile Mama Constance alijitanda kitenge akaenda sokoni, kabla watu hawajafunga. Alimwambia Mamie yote, akiwa amesimama mbele ya beseni kama mtoto mbele ya ubao. Mtoto anajua. Alijua zamani. Ni mimi nilimfunga. Apelekwe mtihani. Mamie alisikiliza mpaka mwisho, akifunika samaki wake kwa kitambaa, akikunja pembe moja baada ya nyingine.

“Mutoto wangu si redio, Mama Mwalimu,” alisema mwishowe. “Redio njo ya kuwasha ukiwa peke yako.”

Mama Constance akajitanda kitenge upya, akarudi nyumbani.

Denise alifanya mtihani, akapita, na si kwa kuponea chupuchupu. Siku matokeo yalipotoka watoto walipita mtaa wa reli wakiimba, vichwa vyeupe kwa unga waliomwagiana, na kila nyumba ilitoka barazani kuwapigia makofi. Wakisimama mbele ya nyumba, mama wa nyumba anawamwagia unga zaidi, wanapiga kelele, wanasonga mbele. Mama Constance alikuwa amesimama nyuma ya pazia na bakuli la unga mkononi. Aliitambua sauti ya Denise katikati ya zile nyingine. Kundi likafika kwenye baraza yake, likapunguza mwendo, sauti ile ikasema neno asilolisikia, na kundi likapita.

Alirudisha unga kwenye gunia lake. Akalia, akanawa uso, akalia tena, hakukuwa na haja ya kuficha kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakuja. Hasira hakuwa nayo. Alitafuta hata hasira ili imfanyie kampani, hakuipata.

Akarudia ugali wa mtu mmoja. Serge alipiga simu akasema barabara. Kiangazi kikaendelea, upepo wa ziwani ukaleta vumbi barazani, akafagia. Na alasiri moja, akiwa amenyoosha mkono kuwasha redio, aliuona mkono wake mwenyewe, akausimamisha hapo hapo hewani. Akakaa kitako. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo akatoka kwa nyuma, huko ambako nyumba za matofali zinaishia na vyumba vya kupanga vinaanza.

Maisha yake yote alikuwa ameingia kwenye viwanja vya watu akiwa na neno: mgonjwa, msiba, mtoto mtoro. Leo hakuwa na neno lolote. Mamie alikuwa ameinama uwanjani, akigeuza ndagala walioanikwa juu ya wavu wa zamani. Alinyanyua macho, hakunyanyua mgongo.

“Kuna nini, Mama Mwalimu?”

“Hakuna kitu.”

“Unamutafuta Denise?”

“Hapana.” Akafikiri. “Ningefurahi kumuona. Lakini hapana. Nimekuja tu.”

Mamie akaendelea kugeuza samaki. Hakusema karibu, hakusema toka. Denise akatokea njia ya bomba na bidon ya maji kichwani, akamwona mgeni, akasimama. Alikuwa amerefuka, au ni macho tu. “Jambo, Mama Mwalimu,” alisema, goti likapinda kidogo pamoja na bidon yake, na kabla Mama Constance hajaitikia vizuri alikuwa ameingia ndani. Wakasikia maji yakimiminwa kwenye pipa. Hakutoka tena.

“Nilimukosea,” alisema Mama Constance.

“Ulimukosea.”

Wala Mamie hakuongeza neno la kulainisha. Akachambua samaki aliyevunjika, akamtupia bata. Mama Constance alibaki amesimama, mikono haina kazi, na akajua kwamba akigeuka sasa aende nyumbani hatarudi hapa tena, wala hatakwenda kwingine. Kwa hiyo hakugeuka. Mamie akafika mwisho wa wavu, akanyoosha mgongo, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

“Na utakaa mpaka saa ngapi?”

“Mpaka munifukuze.”

Mamie akapangusa mikono kwenye kitenge. Akaangalia jua, akaangalia wavu wake, akaangalia kile kivuli kirefu cha mwalimu mstaafu kilicholala juu ya samaki.

“Basi sogea huku,” alisema. “Unawakingia jua.”